Ndugu yako yuko Gereza la Ruanda: msamaha wa Rais unaishia wapi

Usianze na msamaha, anza na nakala ya hukumu. Chukua karatasi moja uandike jina kamili kama lilivyo kwenye jalada, namba ya mfungwa, namba ya shauri na mahakama iliyotoa hukumu, kosa na kifungu chake, tarehe ya hukumu, na miaka aliyopewa. Bila mistari hiyo sita hakuna ofisa wa magereza wala wakili atakayekupa jibu la maana, awe nduguyo yuko Ruanda jijini Mbeya, Gereza la Iringa au kwenye mashamba ya Isupilo kule Mufindi.

Tarehe ya hukumu ndiyo ya kuitazama kwanza, kwa sababu ya rufaa. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kupata nakala za mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni ndani ya siku 30. Mfungwa huwasilisha karatasi zake kupitia kwa Mkuu wa Gereza, na Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa. Familia nyingi hukaa kimya zikisubiri msamaha wa Desemba 9, Sikukuu ya Uhuru, kisha zinashtuka siku zimekwisha. Maombi ya kuongezewa muda yapo, ila yanataka sababu ya msingi, na kusubiri msamaha si sababu ya kumpelekea jaji.

Rufaa ikishinda, hatia yenyewe inafutwa. Misamaha ya sikukuu kwa kawaida hugusa adhabu tu: mtu anatoka mapema, lakini rekodi ya kupatikana na hatia inabaki. Anayesema "sikufanya" njia yake ni rufaa.

Mamlaka ya Rais yako ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Anaweza kusamehe kwa masharti au bila masharti, kumwachilia mtu kabisa au kwa muda maalumu, kubadilisha adhabu iwe tahafifu, yaani nyepesi zaidi, na kufuta adhabu yote au sehemu yake. Soma maneno yenyewe, maana mipaka imo humohumo. Anayesamehewa ni mtu "aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama". Mahabusu hajapatikana na hatia, kwa hiyo hata akisota miaka mitatu akisubiri upelelezi, msamaha haumfikii. Wa kumwandikia hapo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kupitia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa. Septemba 2019 Rais Magufuli alipotaka watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kurudisha fedha waachiwe, hakutumia ibara ya 45. Alimshauri Mkurugenzi wa Mashtaka, na watuhumiwa wakaandika barua za kukiri. Ukifuata njia hii ujue kwamba Mkurugenzi akiliondoa shauri kabla ya hukumu, mshtakiwa anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale.

Mpaka mwingine ni wa kesi za madai. Aliyefungwa kwa kushindwa kulipa deni baada ya hukumu ya madai hana kosa la jinai la kusamehewa. Anatoka kwa kulipa, kwa kuelewana na mdai au kwa amri ya mahakama. Fidia nayo ina mwenyewe: kama nduguyo aliamriwa kumlipa jirani kwa ng'ombe waliokula mahindi, haki hiyo ni ya jirani, usitegemee itafutika kwa kuwa mtu ametoka. Mali iliyotaifishwa, mfano pikipiki iliyokamatwa na nyara za wanyamapori karibu na Hifadhi ya Ruaha, ni jambo tofauti, kwa sababu ibara ya 45 inamruhusu Rais kufuta adhabu ya kutwaliwa mali na Serikali. Lakini matangazo ya sikukuu huzungumzia vifungo. Pikipiki inataka ombi lake.

Sasa ile orodha ya wasiohusika. Matangazo ya Wizara ya Mambo ya Ndani huwaacha nje, kwa kawaida, waliohukumiwa kifo au maisha, wenye makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, rushwa, kubaka, kulawiti na kunajisi, walio kwenye parole (wanaomalizia kifungo nje ya gereza kwa masharti), na waliokwisha kupunguziwa kifungo kwa msamaha uliopita. Huwekwa pia tarehe ya mwisho ya kuingia gerezani, na hapo wengi hukwama kwa tofauti ya wiki chache. Orodha hii haimo kwenye Katiba. Rais mwenyewe ndiye anayejiwekea, na anaweza kuivuka: Desemba 9, 2017 walitoka mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha kwa ubakaji. Hilo halimpi nduguyo haki ya kudai naye avushwe.

Hesabu inawachanganya watu kuliko sheria. Tangazo likisema wafungwa wapunguziwe robo "baada ya punguzo la kawaida la theluthi moja", theluthi ya tabia njema inayotolewa na Sheria ya Magereza inatangulia. Kifungo cha miaka sita ni miezi 72. Ukitoa theluthi inabaki 48, na robo ya 48 ni 12, hivyo atakaa miezi 36 tangu kifungo kilipoanza kuhesabiwa. Ukikata robo kwenye 72, yaani 18, kisha ukaitoa kwenye 48, utapata 30, na hapo ndipo familia inapomlaumu ofisa bure. Theluthi yenyewe inaweza kupotea kwa makosa ya nidhamu gerezani, basi muulize kwanza kama bado anayo.

Kwa mgonjwa mahututi, barua ya familia haitoshi. Ugonjwa huthibitishwa na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya, kwa hiyo sukuma faili lifike kwa daktari wa gereza miezi kadhaa kabla ya sikukuu. Umri wa miaka 70 na zaidi hutajwa mara nyingi. Hakikisha umri ulioandikwa gerezani ni wa kweli.

Msamaha hauna ada. Mtu wa mjini akikuomba "hela ya kusogeza jina", huyo ni tapeli. Msaada wa kisheria wa bure upo kwa asiye na uwezo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Aliyefungwa ng'ambo ya Tunduma au Kasumulu, Rais wa Tanzania hana uwezo wa kumsamehe. Huruma hiyo iko kwa Rais wa Zambia au wa Malawi. Peleka ile karatasi yenye mistari sita kwenye ubalozi wetu Lusaka au Lilongwe, na uombe wamtembelee gerezani.