Jinsi ya kusimamisha bango la barabarani bila kuja kuwekewa X ya kubomolewa

Wakuu, simu nyingi ninazopokea huwa zinaanzia mwisho. Mtu ameshachomelea nguzo, fleksi ishaprintiwa, fundi anadai hela yake, ndo ananiuliza kibali kinatoka wapi. Kazi yangu ni mabango, Dar na Pwani, so naandika hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe. Ni kwa Bara tu, Zanzibar wana taratibu zao.

HATUA YA 1: Jua barabara ni ya nani
Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na mitaa ni za TARURA (hawa walianza 2017, wako chini ya TAMISEMI). Usikisie kwa kuangalia lami, kuna barabara ya vumbi ya TANROADS na kuna lami safi kabisa ya TARURA. Nenda ofisi ya meneja wa mkoa ukaulize.

HATUA YA 2: Pima. Kutoka KATIKATI ya barabara
Hapa ndo watu wanapolia. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi (eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, hutakiwi kujenga humo) ni mita 60, yaani 30 kila upande kuanzia mstari wa katikati, sio kuanzia lami inapoishia. Hii imekuja na Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009, zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande, ndo maana mzee mwenye kiwanja atakuapia kwamba yuko nje ya hifadhi na kwa hesabu za zamani kweli yuko nje. Zile X mnazoziona ukutani ndo habari hiyohiyo, nyekundu ni wa ndani ya 22.5 hawalipwi fidia, kijani ni waliokumbwa na zile mita zilizoongezeka, hao ndo wa kulipwa.

Na msichukulie 30 kama ni ya kila mahali. Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kiluvya iliyosimamiwa ni mita 121.5 kila upande, waliobomolewa 2017 wanaijua vizuri namba hiyo.

Kosa lingine ambalo mimi mwenyewe nimeshalifanya: kupima nguzo tu ukasahau uso wa bango. Nguzo yangu ilikuwa mita 31, roho kwatu, bango la mguu mmoja lenye upana wa mita 12 limekaa mkao wa kukatiza barabara ili madereva walione, sasa piga hesabu, mita 6 zinaenda upande wa barabara, kwa hiyo ncha ya bango ilikuwa mita 25. Mkaguzi alicheka kwanza ndo akaandika barua. Kreni nililipia mara mbili, ya kupandisha na ya kushusha. Siku hizi napima kutoka kwenye ncha. Halafu kama barabara ilipanuliwa upande mmoja usijipimie katikati kwa macho, waombe wakuonyeshe senta laini yao.

HATUA YA 3: Malizana na mwenye eneo
Hati au leseni ya makazi, mkataba wa pango, barua ya serikali ya mtaa. Ukimlipa pango kumbuka kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 upeleke TRA, na umwambie mapema kabisa kabla hamjasaini, maana akija kuona hela imepungua atasema umemdhulumu.

HATUA YA 4: Michoro
Ramani ya eneo, picha, mchoro wa bango, na hesabu za msingi na nguzo zilizosainiwa na injinia aliyesajiliwa. Bango ni tanga la jahazi wakuu, upepo ndo mzigo wenyewe, uzito wa chuma wala sio shida. Msibanie zege. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege uliza TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), ukiwa karibu na nyaya TANESCO.

HATUA YA 5: Peleka maombi
Halmashauri ndo inatoa kibali cha bango. Ukigusa hifadhi ya barabara hata kidogo unahitaji na ruhusa ya mwenye barabara, na hiyo haikupi haki ya kukaa milele, barabara ikipanuliwa unaondoa kwa gharama zako. Mimi hata nikiwa nje ya hifadhi naomba barua ya TANROADS kuthibitisha niko nje, inaniokoa maswali mengi. Kila barua gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

HATUA YA 6: Lipa
Ada huwa inategemea ukubwa wa bango na ni ya kila mwaka. 2017 kazi ya kukusanya ilipelekwa TRA, baadae ikarudishwa upande wa halmashauri, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia "sisi tulilipaga kule". Omba kontroli namba, lipa kwa hiyo tu. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, ondoka.

HATUA YA 7: Siku ya kusimamisha
Asubuhi mapema kabla ya foleni, waambie trafiki kama kreni itakaa kwenye lami. Kabla zege halijamwagwa pima tena mita zako, mafundi wanapenda kusogeza shimo wakikuta jiwe. Nakala ya kibali iwe mfukoni mwa msimamizi, sio ofisini.