Jinsi ya Kuomba Kanuni Mpya ya Uorodheshaji kwenye Kanzidata ya Muziki ya Jumuiya

Wahariri watatu wa kanzidata ya muziki inayojazwa na watumiaji wake wameingiza wimbo uleule kutoka jalada lileile. Wa kwanza kaandika "Safari Ya Mwisho", wa pili "Safari ya mwisho", wa tatu "Safari ya Mwisho". Hakuna aliyekosea, maana kanuni yenyewe haipo, na watasahihishana hadi mmoja achoke. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupeleka ombi la kanuni mpaka lipitishwe na lianze kutumika. Mfano utakaotumika ni huohuo wa herufi kubwa katika majina ya nyimbo za Kiswahili, lakini njia ni ileile ukitaka kanuni ya wasanii walioshirikishwa, ya majina yanayotoka katika hati nyingine (kama ya Kiarabu), au ya tarehe za matoleo.

Jua nani anaamua

Kanzidata hazifanani katika hili, na ombi lililopelekwa mlango usio wake hukaa bila jibu. Katika MusicBrainz, iliyoanzishwa na Robert Kaye mwaka 2000 na sasa iko chini ya shirika lisilo la faida la MetaBrainz, ombi la kanuni hufunguliwa kama tiketi, yaani ombi lililoandikishwa kwenye mfumo wa kufuatilia, katika kitengo cha mtindo wa uandishi, hujadiliwa na wahariri, kisha msimamizi wa mtindo ndiye anayetoa uamuzi. Zamani mhariri yeyote aliweza kulizuia pendekezo kwa kura ya turufu. Utaratibu huo uliachwa. Discogs, kanzidata nyingine ya muziki, ni kampuni, hivyo wachangiaji hutoa maoni lakini neno la mwisho ni la wafanyakazi wake. Kanzidata ndogo mara nyingi huwa na watu watatu au wanne wenye mamlaka ya usimamizi, na utaratibu wao hauko kwenye maandishi. Hao waulize mapema: nani anapitisha, kwa muda gani, na uamuzi huandikwa wapi.

Hakikisha unachotaka ni kanuni

Maombi mengi yanayokwama hayakuwa ya kanuni tangu mwanzo. Kama jina limekosewa herufi, lisahihishe tu. Kama kanuni ipo ila haieleweki, omba ufafanuzi. Sentensi moja ya nyongeza hupita kwa urahisi kuliko kanuni mpya. Na kama unataka kuandika taarifa ambayo haina mahali pa kukaa, kwa mfano nani alipiga ngoma katika rekodi fulani wakati kanzidata haina sehemu ya wapigaji, hilo ni ombi kwa watengenezaji wa programu. Ukilileta kama kanuni, matokeo yake ni watu kuanza kubandika majina ya wapigaji ndani ya jina la wimbo, na kazi ya kuyang'oa ni kubwa kuliko ya kuyaweka.

Kisha tafuta tiketi za zamani, hasa zilizokataliwa. Ukikuta suala lako lilishajadiliwa, soma sababu ya kukataliwa na uijibu katika rasimu yako. Wahariri wakongwe huikumbuka mijadala hiyo vizuri.

Kusanya mifano kabla ya kuandika neno lolote

Tafuta rekodi 20 hadi 30. Zisitoke kwa msanii mmoja wala lebo moja, na zitoke miongo tofauti: santuri, kaseti, CD na matoleo ya kidijitali huandikwa kwa mazoea tofauti. Kwa kila moja andika mambo manne: kiungo cha rekodi, jina lilivyo sasa kwenye kanzidata, jina lilivyo kwenye jalada au kwenye lebo ya santuri, na litakavyokuwa kanuni yako ikipita. Safu hiyo ya nne ndiyo inayokufundisha. Angalau mifano mitano iwe ile inayoitesa kanuni yako. Usipoileta wewe, italetwa na mpinzani siku ya kwanza ya mjadala, na utaonekana uliificha.

Katika suala la herufi kubwa, mifano migumu haichelewi kujitokeza.

Waanze wanaotaka "Safari ya Mwisho", yaani kila neno zito liwe na herufi kubwa na maneno madogo yabaki na ndogo. Ndivyo majalada mengi ya vitabu yanavyoandikwa na jicho limezoea. Lakini neno dogo ni lipi? "Ya", "wa", "na", "kwa" hazina ubishi. "Ni" na "si" je? "Yangu" na "wako"? "Hii" na "huyu"? "Ambaye"? Kila aina ya neno inahitaji uamuzi wake, na mhariri asiyejua Kiswahili, ambaye anaingiza mkusanyiko wa nyimbo 40 kwa sababu tu anaumiliki, hatajua "nami" ni nini. Kanuni inayomtaka mhariri ajue sarufi ya lugha asiyoisoma itavunjwa kila siku bila nia mbaya.

Wanaotaka "Safari ya mwisho", yaani uandishi wa sentensi ya kawaida, wana kanuni ya mstari mmoja: neno la kwanza na majina mahususi tu. Tatizo lao liko kwenye hayo majina mahususi. Jalada limeandikwa BARUA KWA NEEMA, herufi kubwa tupu. Neema ni mtu, au ni ile neema? Baraka, Furaha, Pendo na Tumaini zina utata uleule, na Pwani pia. Hapo hakuna njia ila kuusikiliza wimbo au kusoma mashairi yake. Mtindo wa kila neno zito herufi kubwa hauna shida hiyo kwa kuwa unaificha tu, na huo ndio utetezi wake pekee wenye nguvu.

Kwa maoni yetu uandishi wa sentensi una gharama ndogo kuliko mingine, kwa kuwa makosa yake ni machache na yanaweza kuorodheshwa. Lakini rasimu yako ieleze gharama hiyo waziwazi.

Andika rasimu

Rasimu nzuri haizidi kurasa mbili. Anza na tatizo kwa sentensi zisizozidi tatu, bila kumtaja mhariri yeyote. Halafu yaje maneno kamili ya kanuni kama yatakavyochapishwa. Usiandike maelezo ya utakachokuja kukiandika. Andika kanuni yenyewe. Kwa mfano wetu:

"Katika majina ya Kiswahili, herufi kubwa huanza neno la kwanza na majina mahususi: ya watu, mahali, lugha, jamii za watu, miezi na siku za juma. Maneno mengine huanza kwa herufi ndogo. Ikiwa haijulikani kama neno ni jina la mtu au ni nomino ya kawaida, na wimbo haukusikilizwa, tumia herufi ndogo na ueleze hivyo katika maelezo ya uhariri. Jina lenye lugha mbili hufuata kanuni ya lugha inayobeba muundo wa sentensi."

Sentensi ya tatu ndiyo inayozuia ugomvi, kwa sababu inasema la kufanya pale ambapo jibu halipo. Kanuni yoyote inayotegemea ujuzi wa yaliyomo kwenye wimbo iwe na sentensi kama hiyo.

Chagua vitenzi kwa makini. "Lazima", "inapendekezwa" na "inaruhusiwa" ni ngazi tatu tofauti, na wahariri watabishana juu yake miaka mitano ijayo. Epuka "kwa ujumla" na "inapobidi", maana kila mtu huona hali yake ndiyo inapobidi. Chini ya kanuni weka jozi sita hadi kumi za mifano, sahihi na isiyo sahihi, ikiwemo migumu.

Yafuate mambo matatu ambayo yakikosekana rasimu hurudishwa.

La kwanza ni mipaka. Katika kanzidata yenye muundo kama wa MusicBrainz, jina la wimbo hukaa sehemu tatu: kwenye orodha ya nyimbo ya toleo, kwenye rekodi ya sauti, na kwenye utunzi. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine. Sema kanuni inagusa ipi. Na kama wapo wanaotaka kuhifadhi maandishi ya jalada jinsi yalivyo, waelekeze kwenye sehemu ya maelezo ya toleo au kwenye picha ya jalada.

La pili ni rekodi za zamani. Je, zisahihishwe zote, zisahihishwe mhariri anapozigusa kwa sababu nyingine, au ziachwe? Njia ya katikati ndiyo inayopita kwa urahisi.

La tatu ni athari kwa watumiaji. Kitambulisho cha MusicBrainz, chenye herufi 36, hakibadiliki jina likibadilika, wala ISRC, msimbo wa kimataifa wa kutambulisha rekodi, wenye herufi 12. Kwa hiyo viungo havivunjiki. Lakini anayetumia programu ya kuweka lebo kwenye mafaili yake atakuta majina mapya, na badiliko la ukubwa wa herufi tu lina mtego wake: kwa kawaida Windows huona "Ya" na "ya" ni folda moja, Linux huona ni mbili. Mwenye mkusanyiko kwenye seva atakuja kulalamika kwamba albamu zake zimegawanyika. Mstari mmoja wa tahadhari unatosha.

Peleka kwenye mjadala

Weka rasimu wazi kwa siku 7 angalau. Kama inagusa maelfu ya rekodi, siku 14. Ipe namba: rasimu ya 1, ya 2, ya 3. Kila unapobadilisha, andika juu kabisa nini kimebadilika na kwa hoja ipi. Kubadilisha kimyakimya kunawafanya waliokuunga mkono juzi wajikute wameunga mkono kitu kingine leo, na hawatakusamehe.

Anayepinga mwombe mfano. "Sipendi inavyoonekana" ni hisia, isikufanye ubadilishe rasimu. "Kanuni hii inaharibu rekodi hii hapa" ni hoja, hata ikitolewa kwa ukali. Ukipewa mfano wa kweli unaoivunja kanuni, una njia mbili: kuongeza kighairi au kupunguza mipaka. Vighairi vikizidi vitatu, kanuni yenyewe ina kasoro, irudie upya.

Kimya si kibali. Kabla ya kusonga mbele uwe na watu watatu au zaidi waliosema kwa maneno yao kwamba wanakubali, na kama inawezekana mmoja wao awe mhariri ambaye rekodi zake nyingi zitaguswa. Katika suala la lugha, wahariri wanaoijua lugha hiyo kiasili wasikosekane. Pendekezo la Kiswahili lililopitishwa na watu wasiokisema litafunguliwa upya mara tu atakapojitokeza wa kwanza anayekisema.

Wasilisha rasmi

Sasa fungua tiketi, au ikiwa uliifungua mwanzoni, isasishe. Iwe na maneno ya mwisho ya kanuni, kiungo cha mjadala, jedwali la mifano, na muhtasari wa pingamizi zilizobaki bila jibu. Hizo pingamizi usizifiche. Anayeamua atazisoma hata hivyo. Baada ya hapo usiguse maandishi hadi uamuzi utoke.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu moja: kanuni mbili katika tiketi moja. Mtu anaomba herufi kubwa, na chini yake anapenyeza namna ya kuandika wasanii walioshirikishwa. Ya kwanza inakubalika, ya pili ina wapinzani, na zote zinakwama pamoja. Zitenganishe. Hata hivyo suala la walioshirikishwa ndilo lenye madhara zaidi: jina likiwekwa ndani ya jina la wimbo badala ya sehemu ya msanii, utafutaji na ulinganishaji wa rekodi huharibika, wakati ukubwa wa herufi utafutaji mwingi huupuuza. Kama una nguvu ya ombi moja tu mwaka huu, fikiria hilo kwanza.

Baada ya kupitishwa

Usianze kusahihisha siku uamuzi unapotolewa. Subiri maandishi yaonekane kwenye ukurasa wa kanuni, kwa sababu mhariri atakayepiga kura ya hapana ataangalia ukurasa huo na si tiketi yako. Anza na masahihisho kama 50. Kila moja liwe na maelezo yenye kiungo cha kanuni. Katika MusicBrainz sahihisho linalohitaji kura hukaa wazi siku 7, na kura tatu za ndiyo bila pingamizi hulifunga mapema. Ukimwaga 2,000 kwa usiku mmoja, hakuna atakayeyapitia, na kosa moja la kurudiarudia litakuwa limeingia mara 2,000. Boti, yaani programu inayohariri yenyewe, isitumike bila idhini ya wasimamizi. Kwa kanuni hii hasa, boti haina namna ya kumjua Neema.

Ombi likikataliwa, usifungue tiketi mpya yenye maneno yaleyale. Endelea kukusanya mifano kwa miezi kadhaa, hasa ile inayojibu sababu ya kukataliwa, iongeze kwenye tiketi ileile, kisha omba ifunguliwe tena.