Ukitaka kuielewa picha ya mzee iliyochorwa rasmi, uso uache mwisho

Sebuleni kwetu Kirumba, Mwanza, kuna picha ya babu ya rangi ya mafuta, nimeiangalia tangu mtoto na nimekuja kuielewa ukubwani, kwa hiyo hii ni kwa yeyote mwenye picha kama hiyo ukutani.

Najua jicho linakimbilia usoni, tunataka kujua kama kafanana, ila mchoraji anayelipwa lazima amfananishe mtu na ampendezeshe pia, so uso unasema kidogo. Anza na mikono. Imeshika nini, imefumbwa au iko wazi? Cheki George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivyochorwa na Gilbert Stuart mwaka 1796, jenerali mzima lakini kavaa suti nyeusi ya kiraia, mkono wa kushoto una upanga ila umo ndani ya ala, wa kulia ndo umenyooshwa kama anaongea na watu. Unaambiwa huyu anaongoza kwa maneno, na yale mavitabu chini ya meza yanakazia hilohilo.

Halafu nenda nyuma yake, hapo ndo patamu. Barack Obama alivyochorwa na Kehinde Wiley, picha ikazinduliwa 2018, kakaa kwenye kiti bila tai, kazungukwa na majani matupu, ukiharakisha utasema pambo tu. Kumbe yale maua ya bluu ni ya Kenya kwa baba yake, Siaya, Ziwa Victoria hilihili letu upande wa pili, asmini ni Hawaii alikozaliwa na krisanthemamu ni ua la Chicago. Maisha yake yote yako kwenye majani!

Sasa babu. Nyuma yake kuna Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, na yeye kaishi kisiwani Ukerewe mpaka anafariki, kavaa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo maana mchoraji alichorea kipicha cha pasipoti cha shingo kwenda juu. Nikauliza swali ambalo kila mtu aulize, nani alilipa? Kumbe ni baba na shangazi, baada ya msiba, walishahamia Mwanza. Lile jiwe ni la kwao, wamemleta baba yao mjini wamemvalisha. Mi siuiti uongo hata kidogo.

Mwisho geuza fremu, nyuma huwa kuna jina la mchoraji au mwaka. Kama hakuna, waulize wazee mapema uandike kwenye ubao wa fremu, penseli tu, usiguse kitambaa kilichochorewa picha.