Namna ya Kukusanya Kanga na Kutunza Habari Zake

Anayetaka kukusanya kanga hana haja ya kuanzia dukani. Katika nyumba nyingi za Pwani, mkusanyo umekwisha kuanzwa na mama au bibi, nao umelala ndani ya sanduku lililo uvunguni mwa kitanda. Kinachokosekana humo ni habari tu: nani aliinunua kanga ile, lini, na kwa nini alichagua jina lile, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, akaacha jingine. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mkusanyaji ni daftari, na kazi yake ya kwanza ni kuketi na mwenye sanduku, kutoa kipande kimoja kimoja, na kuandika anayoyasema, hata yale anayoyasema kwa kucheka.

Pili, jiwekee mpaka, la sivyo nyumba itajaa. Mimi nimejifunga kwa kanga za matukio, yaani za uchaguzi, sikukuu na wageni mashuhuri, kwa sababu hizo huonyesha watu walikuwa wakizungumza nini mwaka ule. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka kanga yenye sura yake na maneno ya kumpongeza, na jina la kanga hiyo likawa UPENDO NA AMANI AMETUJALIA MUNGU. Mwingine anaweza kukusanya kisutu peke yake, kanga ya harusi yenye wekundu, weusi na weupe, au akafuata majina ya mafumbo ambayo taarabu na kanga zimekuwa zikiazimana kwa miaka mingi.

Unaponunua, iwe Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, ambako kanga huitwa leso, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Darajani mjini Zanzibar, nunua doti nzima. Doti ni vipande viwili pacha visivyokatwa, na mkusanyaji anayechukua kimoja kwa kubana matumizi hujuta baadaye, kwani pacha wake haonekani tena. (Muuzaji akiniuliza ninamnunulia nani, nami ni mwanamume niliye peke yangu, nimejifunza kujibu kwamba ninamnunulia shangazi, jibu hilo hufupisha mazungumzo.) Itandaze doti mezani kabla ya kulipa, utazame kama pindo halikupigwa upande, kama jina limekaa katikati, na kama rangi haikuruka mahali. Tafuta pia alama ya mwenye chapa. Ile ya Mali ya Abdulla ni ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, na kwa upande wa Dar es Salaam wapo wanaotafuta kanga za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kuandika. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina, na wanaoanza huandika jina pekee. Hilo ni kosa, maana jina kama HASIDI HANA SABABU limechapwa mara nyingi juu ya miji tofauti, hivyo daftari lenye jina tu haliwezi kutofautisha kanga ya bibi na ile iliyoletwa dukani juzi. Eleza mji kwa maneno yako, taja rangi zote, nakili jina herufi kwa herufi pamoja na makosa yake ya tahajia, na usiyasahihishe. Baadhi ya kanga za zamani zina majina kwa herufi za Kiarabu. Ukiipata mojawapo, mtafute mtu anayezisoma kabla ya kukisia. Kwa kuwa nyingi hazina mwaka, andika tarehe uliyoipata na tarehe anayoikumbuka mwenyewe, kila moja mahali pake. Kisha piga picha mbili kwa mwanga wa asubuhi: moja ya kipande kizima, nyingine ya jina.

Kuhusu kufua, mimi hukiacha kipande kimoja na ugumu wake wa dukani na kukifua cha pili, kwa maji baridi na peke yake, maana nyekundu na nyeusi huchuja. Anika kivulini. Usifukize udi kanga za kuhifadhi, ingawa najua shauri hili halitapokelewa vizuri majumbani. Moshi huacha rangi ya manjano kwenye nyeupe. Pwani adui mkubwa ni unyevu, na sanduku la bati huongeza kutu juu ya ukungu, kwa hiyo litandike kwanza shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa. Viringisha kanga badala ya kuikunja. Ikiwa nafasi haitoshi na huna budi kukunja, badilisha mikunjo kila baada ya miezi michache, kwa sababu kitambaa huchakaa kwanza pale kilipokunjwa, na kile kipande chenye wanga wa dukani kikague zaidi, maana mende huupenda.

Mwisho, utaombwa. Ndugu atakuja usiku kuna msiba, au asubuhi kuna harusi, naye anajua una kanga sandukuni. Mpe kile kilichofuliwa, uandike daftarini siku kilipotoka, aliyekichukua na shughuli aliyokwenda nacho.