Kukokotoa takwimu za mpigaji wa besiboli: msimu wa Ted Williams, 1941

Chukua kikokotoo. Mfano wetu ni Ted Williams wa Boston Red Sox: mwaka 1941 alipata zamu 606 za kupiga, mapigo halali 185 (yaliyomfikisha besi, yaani kituo), besi za bure 147 (mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji hupewa besi ya kwanza), na mpira ulimgonga mara 3.

1. Zamu rasmi (AB). Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Besi za bure na kugongwa hazihesabiwi: 606 − 147 − 3 = 456. Leo tunatoa pia mapigo ya kujitoa, mpigaji anapotolewa ili mwenzake asogee. Mwaka 1941 pigo la juu lililomfikisha mwenzake nyumbani (kituo cha mwisho, panapopatikana pointi) halikusamehewa, kwa hiyo Williams alihukumiwa kwa kipimo kikali kuliko cha leo.

2. Wastani (AVG). 185 ÷ 456 = 0.4057. Huandikwa .406, bila sifuri ya mbele. Mlinzi akiangusha mpira rahisi na mpigaji akafika besi, zamu inahesabiwa lakini pigo halihesabiwi.

Angalia ukadiriaji wa desimali. Asubuhi ya Septemba 28 alikuwa na mapigo 179 kwa zamu rasmi 448, yaani .39955, ambayo karatasini husomeka .400. Angeweza kukaa benchi ili kuilinda .400 hiyo. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo mjini Philadelphia, akapata mapigo 6 kwa zamu rasmi 8.

3. Kufika besi (OBP). (185 + 147 + 3) ÷ 606 = .553. Kwa misimu ya leo gawanya kwa AB + besi za bure + kugongwa + mapigo ya juu ya kujitoa.

4. Nguvu ya pigo (SLG). Mapigo yake ya besi mbili yalikuwa 33, ya besi tatu 3, homurani (pigo la kuzunguka besi zote nne) 37. Yaondoe kwanza kwenye 185; yanabaki 112 ya besi moja. Usipoyaondoa utayahesabu mara mbili.

112 + (33 × 2) + (3 × 3) + (37 × 4) = 335

335 ÷ 456 = .735. Hii si asilimia: anayepiga homurani kila zamu ana 4.000. (Ile 335 ya hatua ya 3 imefanana na hii kwa bahati tu.)

5. OPS. Jumlisha OBP na SLG. Ukijumlisha .553 na .735 utapata 1.288, na kumbukumbu zitakusuta: zinasema 1.287. Jumlisha kabla ya kukata desimali: .5528 + .7346 = 1.2874.