Umepoteza kazi Nakuru, Kisumu au Magharibi? Dai malipo yako hivi, hatua kwa hatua

Tuanze na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: Kenya haina mfuko wa serikali unaomlipa mtu kwa sababu tu hana kazi. Hakuna fomu ya kujaza pale Huduma Centre, wala pesa zitakazoingia kwenye M-Pesa kila mwezi hadi upate kazi nyingine. Anayekutumia ujumbe eti ulipe ada ndogo ya usajili upate "malipo ya wasio na kazi" ni tapeli, mfute.

Kilichopo ni deni. Mwajiri ana pesa zako, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imesema ni zipi. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kupiga hesabu, kushika karatasi na kwenda mahali panapofaa kabla muda haujaisha.

Hatua ya 1: Jua umetoka kwa mlango gani

Malipo hutegemea jinsi ulivyotoka.

Ukipunguzwa kwa sababu biashara imedorora, mashine imechukua nafasi yako au idara imefungwa, huko ni kupunguzwa kazini, na ndiko kunakolipa zaidi. Mwajiri anapaswa kukuarifu kwa maandishi mwezi mmoja kabla, na kumwarifu pia afisa wa leba wa eneo. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, arifa huenda kwa chama. Hawezi kuchagua majina kwa kuangalia sura: sheria inamtaka azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja.

Ukifutwa kwa kosa au kwa kazi duni, lazima kwanza uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na usikilizwe ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Hata ukifutwa papo hapo kwa kosa kubwa, siku ulizofanya kazi na likizo uliyolimbikiza hulipwa.

Ukiacha kazi mwenyewe, hupati fidia ya kupunguzwa. Hapa ndipo penye mtego. Kuna waajiri wanaopunguza watu lakini humwita kila mmoja ofisini na kumwambia, "Andika barua ya kuacha kazi, tutakulipa vizuri." Usiandike. Barua hiyo inafuta fidia ya miaka yako yote, na ukienda kulalamika itakuwa kazi yako kuthibitisha kwamba ulilazimishwa.

Kibarua naye asijitoe mapema. Ukiwa umefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi 3, sheria inakuona kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, hata kama ulikuwa unalipwa kila jioni. Katika mashamba ya maua ya Naivasha na ya miwa huko Muhoroni, kipengele hiki kina uzito mkubwa.

Hatua ya 2: Siku hiyohiyo, weka ushahidi

Watu wengi hawapewi barua. Wanafika asubuhi, askari wa getini anasema jina lako halipo. Unarudi nyumbani, wiki mbili baadaye unaambiwa ulitoroka kazi. Hilo la kutoroka ndilo jibu ambalo waajiri hulitumia sana, na dawa yake ni ujumbe mfupi unaoutuma kabla jua halijatua:

"Leo tarehe fulani nilifika kazini saa moja na nusu asubuhi. Nimezuiwa getini na askari, akisema ni maagizo ya meneja. Niko tayari kufanya kazi. Naomba maelezo kwa maandishi."

Utume kwa msimamizi na kwa ofisi ya wafanyakazi, kwa SMS, WhatsApp au barua pepe. Usiongeze matusi. Ujumbe huo utasomwa na afisa wa leba, pengine na hakimu pia.

Kisha kusanya: mkataba au barua ya kuajiriwa, slipu za mshahara, kitambulisho cha kazi, fomu za likizo, na picha ya orodha ya zamu kama ipo. Kama hukuwahi kupewa mkataba, usikate tamaa, maana kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na asipouleta ni yeye anayepaswa kupinga unayosema. Kama ulilipwa kwa simu, piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi yote uliyofanya kazi. Jina la aliyekulipa litaonekana pale mwezi baada ya mwezi. Barua pepe za kazini zifanyie nakala mapema, kwa sababu akaunti ya kampuni hufungwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe kabla ya kuitwa ofisini

Tuchukue mfano. Mpishi wa hoteli mjini Nakuru analipwa 30,000 kwa mwezi bila marupurupu. Amefanya kazi miaka 6 na miezi 4. Anapunguzwa tarehe 18, bila notisi. Mwaka uliopita alibakisha siku 6 za likizo.

Siku alizofanya kazi mwezi huo: 18 × 1,000, sawa na 18,000.

Notisi: mwezi mmoja ambao hakupewa, 30,000.

Likizo: sheria inatoa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi 4 inaleta siku 7. Ongeza zile 6, zinakuwa 13. Kwa kuwa hizi ni siku za kazi, gawanya mshahara kwa 26, si kwa 30. Nusu ya 26 ni 13, kwa hiyo anapata 15,000.

Fidia ya kupunguzwa: angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ile miezi 4 ya ziada haihesabiwi. Ukigawanya kwa 30, siku 15 ni 15,000, mara 6 ni 90,000. Ukigawanya kwa 26 inafika takriban 103,800. Mwajiri atachagua 30. Angalia mkataba wako au mkataba wa chama kwanza; ukitaja kigawanyo, ndicho hicho.

Jumla kwa hesabu ya chini: 153,000, kabla ya kodi. Ndiyo, malipo haya yote hukatwa kodi, kwa hiyo kitakachoingia benki kitakuwa pungufu. Ukiona pengo kubwa, uliza limetoka wapi. Mara nyingi ni mkopo wa SACCO au wa benki uliosaini ukatwe kwenye malipo ya mwisho.

Siku 15 ni kiwango cha chini. Wafanyakazi walio chini ya chama cha wafanyakazi wa kilimo na mashamba makubwa, KPAWU, au kile cha sukari, KUSPAW, wasisaini chochote bila kuona mkataba wa pamoja unaoendelea, maana huenda kiwango chake kiko juu ya hapo. Mwakilishi wa chama kazini anao. Akisema hana, nenda tawini.

Kuna pia kiinua mgongo cha utumishi, ambacho huchanganywa na fidia ya kupunguzwa. Hiki ni cha mfanyakazi wa mshahara wa mwezi ambaye hakuwekwa kwenye NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), pensheni wala mpango mwingine wa aina hiyo. Hata aliyeacha kazi kwa hiari anaweza kukidai. Wafanyakazi wa nyumbani, wa maduka madogo na wa bodaboda za kampuni, angalieni hapa.

Kwa aliyekuwa kwenye majaribio, notisi ni siku 7 tu. Mkataba wa muda maalum ukifika tamati yake, kwa kawaida hakuna fidia.

Hatua ya 4: Rudisha mali, dai kwa maandishi, soma kabla ya kusaini

Rudisha sare, funguo, simu na kila cha kampuni, na kila kimoja kisainiwe kwamba kimepokelewa. Buti moja la shambani ambalo halikuandikwa linaweza kuchelewesha malipo mwezi mzima.

Andika barua ya ukurasa mmoja: jina lako, tarehe ya kuanza, tarehe ya kutoka, hesabu uliyopiga katika Hatua ya 3 ikiwa mstari kwa mstari, na siku 14 za kulipa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe.

Katika barua hiyohiyo, omba cheti cha utumishi. Ukiwa umefanya kazi kwa wiki 4 au zaidi, ni haki yako hata kama ulifutwa kwa kosa. Kinataja mwajiri, jina lako, aina ya kazi na mahali pake, siku uliyoanza na uliyotoka. Mwajiri halazimiki kukusifu, ila cheti lazima atoe; kukinyima ni kosa la jinai.

Utakapoitwa kuchukua hundi, utawekewa karatasi. Tafuta sentensi inayosema kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lingine lolote. Mara nyingi iko chini kabisa, kwa herufi ndogo, karibu na pale pa kusaini. Kama hesabu hailingani na yako, omba ibadilishwe iwe umepokea kiasi kadhaa kama sehemu ya malipo. Wakikataa, ondoka nayo ukaisome nyumbani. Saini ya haraka pale mezani imezima madai mengi kuliko ukosefu wa ushahidi.

Hatua ya 5: Ofisi ya leba

Siku 14 zikipita kimya, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti ulikofanyia kazi. Aliyefanya kazi Naivasha huhudumiwa Kaunti ya Nakuru hata kama sasa amerudi kwao Siaya. Huduma ni bure. Malalamiko ya kufutwa bila haki yanapaswa kufika kwake ndani ya miezi 3.

Beba nakala, usibebe karatasi halisi pekee. Afisa ataandika malalamiko, atampelekea mwajiri barua na kuwaita nyote wawili. Siku ya kikao, mwajiri huja na pendekezo la chini. Usikubali "nitalipa polepole" bila tarehe na kiasi cha kila awamu kuandikwa na kusainiwa mbele ya afisa.

Jambo moja huwaumiza watu: mazungumzo ya ofisi ya leba hayasimamishi saa ya mahakama. Kesi ya ajira lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku uliyoachishwa, na siku za "rudi wiki ijayo" zinahesabiwa.

Hatua ya 6: Mahakama, ikibidi

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Nakuru, Kisumu, Kericho, Eldoret na Bungoma. Kama mshahara wako haukuzidi 80,000 kwa mwezi, kesi husikizwa na hakimu wa kawaida aliyepewa mamlaka hayo, na huo ndio mlango wa wengi. Mahakama ya Madai Madogo haina mamlaka juu ya kesi za ajira. Usipoteze ada huko.

Mahakama ikiona ulifutwa bila haki, inaweza kuongeza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hicho ni kilele. Wakili anayekuahidi miezi 12 kabla hajasoma faili, mwache.

Kama kampuni imewekwa chini ya mrasimu (anayesimamia mali ya kampuni iliyolemewa na madeni) au inafilisiwa, peleka dai lako kwa maandishi kwa msimamizi aliyeteuliwa. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweka mishahara ya miezi 4 ya mwisho mbele ya wadai wa kawaida, ingawa kuna kikomo kwa kila mfanyakazi.

Hatua ya 7: NSSF, pensheni, SHA na KRA

NSSF: kupoteza kazi peke yake hakukufungulii akiba kabla ya miaka 50. Lakini chukua taarifa ya michango sasa, ulinganishe na slipu. Mwezi uliokatwa na haukupelekwa, ripoti NSSF; wao ndio humdai mwajiri.

Pensheni ya kampuni ni tofauti. Unaweza kuchukua sehemu, nyingine hubaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Unaweza pia kuihamisha yote kwenye mpango wa mtu binafsi.

SHA, bima ya afya ya serikali: makato ya mshahara yakikoma, bima nayo hukatika. Piga *147#, ujaze maswali ya hali ya nyumba yako, ulipe kama asiye mwajiriwa. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka mzima mbele. Mwenye mjamzito nyumbani afanye hivi kabla ya kulipa hata kodi ya nyumba.

KRA, mamlaka ya kodi, ndiko pesa nyingi huachwa. PAYE, yaani kodi ya mshahara, hukatwa kila mwezi kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Aliyefanya kazi Januari hadi Juni kwa mapato ya kutozwa kodi ya 45,000 kwa mwezi amekatwa takriban 35,300. Kwa mwaka mapato yake ni 270,000, ambayo yote yako kwenye ngazi ya asilimia 10, yaani 27,000. Tofauti ya 8,300 iko hata kabla hujahesabu nafuu binafsi (punguzo la kodi la kila mlipakodi), ambayo huikuza zaidi. Omba fomu ya P9 (muhtasari wa mshahara na kodi uliyokatwa) siku unayochukua hundi, uwasilishe ritani kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata, kisha uombe kurudishiwa kupitia iTax, tovuti ya KRA. Kabla ya kutuma ombi, hakikisha akaunti ya benki iliyoandikwa humo bado iko hai. Wengi huacha ile ya mshahara ilale, na marejesho yanakosa pa kuingia.