"Babu, miguu!": namna ninavyokagua nyayo zangu kwa kengele ya simu

Kokoto lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya dengu. Liliingia kiatuni asubuhi nikitoka Chumbageni kwenda Ngamiani, nikashinda nalo hadi magharibi, wala sikusikia kitu. Mke wangu ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Nilikuwa na mwaka wa tisa na sukari, ile aina ya pili, na nilidhani mguu usiouma ni mguu mzima. Kumbe sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi. Huziba na mishipa ya damu, ndiyo maana kidonda hakifungi upesi.

Basi kabla ya kutega kengele yoyote, jua kama nyayo zako zinasikia. Lala chali, ufumbe macho, mtu akuguse taratibu kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, asibonyeze wala asipapase. Aguse dole gumba, kidole cha kati na cha mwisho, mguu mmoja kisha wa pili. Kila ukiguswa, sema. Kati ya miguso hiyo sita, ikikupita miwili au zaidi, mweleze daktari. Mimi ilinipita minne, mjukuu akadhani namtania.

Sasa simu. Mwanzo niliitega saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nahangaika na chai, vidonge na funguo za duka. Wiki nzima nikaizima bila hata kuitazama. Itege saa ambayo tayari umekaa na viatu umeshavua. Yangu inalia baada ya Isha, saa mbili na nusu usiku. Kwenye simu utaandika 20:30. Kitochi kinatosha: weka saa, chagua irudie kila siku, haili bando wala vocha. Kwenye simu janja yangu mjukuu alirekodi sauti yake akaifanya ndiyo mlio: "Babu, miguu!" Mlio wa kiwandani nauzima. Huu unanitia haya, nainuka.

Kengele ya usiku ni ya kukagua tu. Kaa penye mwanga, tazama juu ya mguu, kisigino, kila upenyo wa vidole. Kama huwezi kuinua unyayo, weka kioo sakafuni au piga picha kwa simu. Usitafute wekundu peke yake; kwenye ngozi nyeusi kama yangu hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa kiganja miguu yote miwili: ulio na joto kuliko mwenzake, au uliovimba, upeleke kliniki siku hiyo hiyo hata kama hauna jeraha. Vivyo hivyo lengelenge, usaha, harufu au ngozi iliyogeuka nyeusi.

Sisi tunaotawadha mara tano tuna jambo letu. Maji yakibaki kati ya vidole, ngozi inalainika na fangasi wanaingia. Kidole kinapopita baina ya vidole vya miguu, kitumie pia kupapasa kama pana mpasuko, kisha kausha kabisa. Mimi nina kitambaa cha pamba kwenye mfuko wa kanzu. Mafuta paka unyayo na kisigino, si kati ya vidole. Na ua wa msikiti wenye vigae adhuhuri ya Januari unaunguza. Mwenye ganzi avae soksi.

Kengele ya pili inalia saa moja asubuhi: kung'uta viatu, kisha ingiza mkono ndani. Ya tatu ni Ijumaa tu, ya kucha; zikate kwa kunyooka, usichimbe pembeni. Zaidi ya hizo tatu usiongeze, utazizima zote.

Viatu vya mtumba nanunua jioni, mguu ukiwa umejaa. Nachora unyayo kwenye boksi, nakata, naenda nao sokoni. Boksi likijikunja ndani ya kiatu, nakirudisha. Wauzaji wananicheka.

Sugu usikwangue kwa wembe. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi, hata jirani akiapa kwamba yamemponya. Ya kuoga yenyewe pima kwa kiwiko.

Ukikuta jeraha, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi safi, punguza kuukanyagia mguu huo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lipige picha kila siku, kisha mwonyeshe muuguzi, aone lilivyobadilika. Na ukienda kliniki ya kawaida, ya kupima sukari na kuchukua vidonge, usingoje kuambiwa. Mimi miaka kadhaa nilipimwa kidole cha mkono tu nikarudi nyumbani. Siku hizi nikikaa kwenye kiti cha daktari, soksi ziko tayari mkononi.